Bamba la Tatu

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Padre Gerald ana mkono mzito, yamenishukia mpaka puani. Nikateremka mtoni hivyo hivyo. Saa tatu kamili: 1.62. Nikaandika ubaoni pale ofisi ya kata, nikatuma ujumbe Morogoro kwa Injinia Goodhope wa ofisi ya maji, nikarudi nyumbani kunawa.

Miaka kumi na nne sasa. Saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri. Mvua, jua, msiba, harusi. Watu wanakiita kipimo cha mto "rula ya Mama Frank", utadhani nilimzaa Frank kisha nikaizaa na rula. Ni mabamba matatu ya chuma yenye namba, kila moja mita moja, yamepangwa ukingoni kama ngazi: la chini, la kati, la juu. Maji yakifika 2.90 kwenye lile la juu, watu wa mabondeni wote wahame, maana hapo yanapita penye tuta lililobomoka. Namba hiyo hata watoto wa chekechea wanaijua. Nimewafundisha mimi.

Mwanakheri wa mabondeni bado yuko kwenye chumba changu cha uani, yeye na mke wa mwanawe, Yusrah, na kichanga chao. Tangu tarehe 12 Januari, mto ulipopanda alfajiri bila kumwambia mtu. Nyumba arobaini zilijaa matope. Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Kesho anaanza Ramadhani. Nimemwambia mimi Kwaresima hii naacha nyama na sukari. Akacheka — huko si kufunga, ni kupunguza.

Padre amenipa kazi. Semina ya makatekista, Mikumi, tarehe 13 mpaka 15 Machi. Mada yangu: Uadilifu na Fikra Sahihi. Nikamuuliza kwa nini mimi, na walimu wa sekondari wamejaa parokiani. Akasema anataka mtu ambaye kazi yake ni kusema kitu kilivyo. Nikajifanya sikusikia vizuri ili arudie.

Lile bamba la juu lililong'olewa na gogo mwezi wa kwanza nimeshalirudisha. Bonifas, fundi wa kuchomelea, kalifunga kwa bolti nne. Hilo limekwisha.

Jumapili, 22 Februari

1.58. Mto umetulia, unapiga usingizi.

Nimeanza kuandika somo. Hadi sasa: Mungu hakutupa akili huku na dhamiri kule. Mtu akiamua kwamba jambo fulani hataki kulijua, hasara haiishii kwenye jambo hilo. Akili inajifunza njia ya kukwepa, na kesho itakwepa yenyewe bila kutumwa. Dhambi haianzi kuharibu mikono. Inaanza kuharibu macho ya ndani.

Zuri hilo! Nimelisoma mara tatu. Nikamsomea Mwanakheri aliyekuwa akichambua mchele wa futari. Akasema hata ustadhi wao husema hivyo hivyo, ila kwa ufupi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua milimani tangu Jumapili. Maji mekundu, yanabeba majani na vijiti.

Saa tatu, bamba la kati limezama lote. Maana yake tumepita mita mbili. Nikageukia la juu nisome — kavu. Kavu kabisa! Maji yamemaliza bamba moja na hayajafika kwenye jingine. La kati linaishia 2.00 na la juu linaanzia 2.00. Hakuna nafasi katikati. Haiwezi kuwepo.

Nilisimama pale na daftari mpaka miguu ikaingia tope. Mtu akapita na baiskeli akinisalimia kwa mbali, shikamoo Mama Frank, mto unasemaje leo? Nikamjibu marahaba, unasema vizuri.

Nimeandika 2.02.

Saa tisa, bado kavu. 2.04.

Jumatano, 4 Machi

Labda bamba la kati ndilo limedidimia. Labda ni mawimbi. Labda ukingo umetitia upande mmoja. Labda macho, nina miaka hamsini na saba. Kabla ya chai nilikuwa na sababu nne, na kila moja imenyooka, unaweza kuipeleka chuo kikuu. Ile ya tano sikuigusa.

Alasiri nikapita karakana kwa Bonifas, anatengeneza geti la mtu. Nikamuuliza kama utani, siku ile tulipimaje? Akasema hatukupima, mama, ulitaka nifunge haraka kabla watu hawajapita, tukakadiria kwa jicho. Kuna tatizo? Nikamwambia hakuna, ila geti lake limepinda. Halikuwa limepinda.

Ngoja niandike. Daftari hili halisomwi na mtu.

Kuanzia tarehe 7 mpaka 11 Januari sikwenda mtoni. Goti lilivimba. Siku mbili za kwanza kweli sikuweza. Siku tatu zilizofuata niliweza — lakini nilikuwa nimeshaona kwamba namba za kitandani zinapokelewa Morogoro sawasawa na namba za mtoni. Nikatuma 2.10, 2.15, 2.10. Hizo ni namba za bamba la juu. Na bamba la juu lilikuwa limelala matopeni tangu tarehe 9, wavuvi wa kambale waliliona gogo likilipiga. Kanuni inasema bamba liking'oka usiliguse, piga simu. Ningepiga wangeuliza liling'oka lini. Na tarehe ingenifunga: umesomaje kwenye bamba ambalo halipo, mama?

Kwa hiyo mafuriko yalipopungua nikamwita Bonifas.

Kwa hiyo bamba liko juu kuliko linavyotakiwa. Linaonyesha maji machache kuliko yaliyopo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikishuka mtoni kila siku, sikosi, nainama, nasoma kwa uaminifu kabisa kwenye rula ya uongo.

La tarehe 12 silitaji leo.

Ijumaa, 6 Machi

Kikao ofisi ya kata. Mtendaji akasoma ubao wangu: mwezi mzima maji hayajapita 2.10. Idi wiki mbili zijazo. Watu wamechoka kulala kwenye vyumba vya watu na madarasa, mashamba ya mabondeni yanaota majani. Warudi nyumbani. Injinia Goodhope alikuwa kwenye spika ya simu kutoka Morogoro. Akasema takwimu za Kilosa ndizo safi kuliko za vituo vyake vyote, hana pingamizi.

Wakanigeukia wote. Mtendaji akasema, "Mama Frank, una neno?"

Nikasimama. Miaka ishirini nawafundisha wakatekumeni namna ya kusimama na kuikiri kweli mbele ya watu. Nikasema, "Sina. Tuendelee tu kuangalia ubao."

Wakapiga makofi. Mwanakheri alinishika mkono, machozi yanamlenga. Atakula Idi kwake.

Jioni niliongoza Njia ya Msalaba. Sauti ilitoka vizuri tu, haikutetemeka hata kituo kimoja. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili, 8 Machi

Nimeungama. Yaani nimepanga foleni na kupiga magoti. Nikasema uvivu kazini, na uongo mdogo mdogo wa namba, mwezi wa kwanza. Niliutaja mwezi wa kwanza kana kwamba ni zamani za mkoloni.

Padre akauliza, "Huo uongo umekwisha, au bado unafanya kazi?"

Nikasema umekwisha.

Nimedanganya ndani ya kitubio! Nikapewa rozari moja, nikaisali yote, na kila fumbo kichwa kilikuwa kinapiga hesabu: masika yatachanganya lini, nani anajua, nani anaweza kukumbuka.

Haya, la tarehe 12. Kama ningeshuka tarehe 11 ningeyaona maji yako wapi. Watu wangehama mchana na magodoro yao na mbuzi wao. Wote wanasema mto ulipanda ghafla. Haukupanda ghafla. Ulipanda siku tatu mfululizo na hakukuwa na mtu wa kuuangalia, na mtu huyo ni mimi. Mwanakheri alitoka na kanga moja na mjukuu mgongoni. Kila jioni ananitengea bakuli la uji wa futari, kunishukuru kwa chumba.

Nauma meno, nakunywa.

Jumatatu, 9 Machi

Mwanakheri kahama.

Nilijiambia nitamwambia anapofunga mizigo. Kisha anapofagia chumba. Kisha njiani. Nimebeba ndoo yake ya vyombo kichwani mpaka mabondeni, mwendo wa nusu saa, na sikusema kitu. Tulipofika akafungua mlango, harufu ya tope kavu, akasema kesho atasiriba upya ukuta wa jikoni. Yusrah akatandika mkeka, akamlaza mtoto. Mstari wa matope ya Januari bado uko ukutani, usawa wa dirisha.

Mwanakheri akaniona nautazama. Akasema nisiogope, safari hii wana ubao.

2.09 asubuhi. 2.11 alasiri.

Jumatano, 11 Machi

Nimempeleka Bonifas mtoni na futi kamba. Tumepima. Bamba liko juu kwa sentimita arobaini na tano.

Bonifas akashika kichwa. Ni baba wa watoto wanne na mwoga wa ofisi. Akasema tulishushe sasa hivi, ana spana hapa hapa. Nikamwuliza, na ubao je? Jana 2.12, leo 2.60? Watasema mto umepanda nusu mita na wao wanauona haujapanda. Watakuja kutazama mabolti. Akasema, "Si uwaambie tu, mama?" Nikamwambia yeye ndiye aliyelifunga. Akarudisha spana mfukoni. Najua nilichomfanyia.

Kisha likanijia wazo. Naliandika kwa sababu nalionea fahari, na hiyo fahari ndiyo ninayotaka kuiona imeandikwa. Nisilishushe bamba. Niongeze sentimita tatu kila siku kwenye namba ninayoandika ubaoni. Kesho tatu, keshokutwa sita, kisha tisa. Siku ya kumi na tano ubao utakuwa umefika kwenye ukweli na hakuna atakayeona ulipopita. Kisha Bonifas atalishusha bamba siku ya mvua, basi. Hakuna aliyeaibika!

Sijawahi kufikiri kwa wepesi namna hii. Nilikokotoa mpaka tarehe 26, nikaweka akiba ya siku mbili za mvua kubwa. Mwanafunzi wangu yeyote angefikiri hivi kwenye katekisimu ningempa zawadi. Kila hatua ni sahihi. Ila mwanzo wake ni kwamba watu wa nyumba arobaini wasubiri siku kumi na tano ili mimi nisione haya.

Niliyaona hayo yote, nikaenda kumfundisha Bonifas namna ya kuongeza nitakapokuwa Mikumi.

Ijumaa, 13 Machi

Mikumi. Basi limepita kijiji cha Ulaya kwa shida, tope mpaka kwenye rimu, abiria tukashuka mara mbili. Mvua imeanza tulipokuwa tunavuka daraja na haijakatika. Tuko makatekista sitini kwenye nyumba ya semina, malori yanaunguruma barabara kuu, nyani wamekaa juu ya ukuta wanatusubiri tuache kitu.

Bonifas amenitumia: bamba 2.19, ubaoni ameandika 2.25. Kijana mwaminifu. Afadhali angekuwa mzembe.

Nimepitia somo. Kurasa sita. Sikubadilisha neno, limenyooka.

Jumamosi, 14 Machi

Nimefundisha. Saa nzima na robo.

Nikasema mtu anayefikiri vibaya mara nyingi hana upungufu wa akili, ana kitu anachokilinda. Nikasema tunamwomba Mungu atuangazie akili lakini tumesimama mlangoni na kitasa mkononi. Wakaandika! Sitini wameinamisha vichwa wanaandika. Padre Gerald alikuwa nyuma anaitikia kwa kichwa taratibu.

Kisha maswali. Mama mmoja wa Zombo, Magreti, mkulima wa ufuta, mikono mikavu. Akauliza kama mtu anaweza kufikiri vizuri sana akiwa ndani ya uongo. Anamjua mtu wa hivyo, alisema, mumewe wa kwanza. Kila alichokisema kilikuwa na sababu yake na huwezi kumshinda.

Nikamjibu ndiyo, anaweza. Anaweza hata kufikiri vizuri kuliko zamani, kwa sababu uongo unahitaji akili nyingi kuutunza. Lakini akili hiyo haimpeleki popote, inazunguka kitu kimoja. Akauliza, sasa anatokaje? Nikasema kwa kusema ukweli mmoja, ule unaomuuma. Akauliza, na kama huo ukweli utawaumiza na wengine? Nikasema muda wetu umekwisha.

Makofi. Chakula cha mchana wali na maharage. Sahani yangu nikawaachia nyani.

Bonifas, saa tisa: bamba 2.30, ubaoni 2.39. Kweli yake, kwa kuongeza arobaini na tano, ni 2.75.

Nikaenda kutafuta gari la kurudi Kilosa. Hakuna. Barabara imekatika Ulaya, maji yamebeba kipande kizima karibu na daraja. Madereva wamekaa kwenye kibanda cha chai wanasema labda Jumatatu, labda Jumanne, kuzunguka Morogoro nako foleni. Nikamwuliza mwenye pikipiki. Akanitazama goti, akatazama mvua, akacheka kwa heshima.

Nimefungiwa huku na kurasa zangu sita.

Jumapili, 15 Machi

Saa moja na nusu. Wenzangu wako kwenye Misa. Niko kwenye baraza la mabweni.

Bonifas kasoma mapema kwa hofu yake mwenyewe. Bamba 2.43. Ubaoni 2.55, kama nilivyomwagiza. Nimejumlisha mara nne. 2.88. Zimebaki sentimita mbili.

Saa mbili kasoro. Nimempigia Mwanakheri. Nikamwambia toka, toeni kila mtu, sasa hivi. Nilisikia sufuria nyuma yake, na mtoto. Akasema mto kweli umejaa, unanguruma, usiku hawakulala vizuri, lakini mtendaji yuko hapa hapa anawatuliza watu, na ubao unasema mbili hamsini na tano, bado sana. Nikasema usiuangalie ubao. 

"Mama Frank," akasema, "miaka yote hii unatwambia tusisikilize maneno, tuangalie ubao. Sasa nikuamini wewe yupi, wa ubaoni au wa simuni?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Na akili yangu, haraka, nyepesi, ikanipa jingine: gogo. Nikasema leo alfajiri gogo limepiga bamba, limehama, namba si sahihi. Uongo mzuri! Unawatoa watu wote na hauniachi uchi. Nikafikiri hata Mungu ataukubali huu, kwa kuwa ni wa kuokoa.

Akampa mtendaji simu. Mtendaji akasema asante mama, ngoja tuhakikishe.

Saa mbili na robo. Mtendaji kapiga. Amemtuma Bonifas akatazame, na yeye mwenyewe amekwenda na kurudi. Bolti nne zimekaza, bamba limesimama wima, hakuna gogo. Bonifas ameapa mbele ya watu kwamba halijaguswa na kitu. Maskini, alidhani ananilinda.

Nikamwambia yote. Nilisema kwa haraka, ovyo, Januari, goti, jicho, arobaini na tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu yule mtu. Kisha akanirudishia hoja zangu zote, moja moja, kwa upole. Takwimu za mwezi na nusu zinafuatana, hazina mruko. Morogoro wamezikagua na kuzisifu. Bamba lipo imara, amelishika kwa mkono wake. Na nusu saa iliyopita mimi mwenyewe nilisema gogo. Kwa hiyo jambo lenye uzito zaidi ni kwamba mama yuko mbali, mvua imemtia hofu, anafunga, amechoka.

Sikuona kosa kwenye maneno yake. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Amefikiri sawasawa kabisa kutoka kwenye namba nilizompa.

Nikamwomba anipe Mwanakheri. Alikuwa amesikia, simu ilikuwa kwenye spika. Nikasema, "Nilijua. Nilipokubebea ndoo nilikuwa najua."

Hakulia, hakunitukana. Akasema, "Nitakuja kukuuliza siku nyingine. Sasa hivi nina mtoto wa kubeba." Akakata.

Yeye anatoka. Nyumba thelathini na tisa zinamtazama mtendaji.

Saa mbili na dakika thelathini na tano. Nimempata Injinia Goodhope. Nilimtoa kanisani kwake, nilisikia kwaya. Yeye aliniamini mara moja, na hilo liliniuma kuliko la mtendaji. Akauliza swali moja, ni sentimita ngapi. Kisha akasema hawezi kuamuru watu wahame huku kwenye mfumo kumeandikwa 2.55, wilaya watamuuliza kwa msingi gani. Anataka maandishi. Sasa hivi, piga picha, tuma. Jina langu, tarehe moja baada ya nyingine, ipi ilikuwa ya kweli na ipi niliitunga, kuanzia mwanzo. Akiipata anaipigia wilaya na wao wanapiga ving'ora.

Nikamwuliza, tuanzie siku bamba lilipofungwa? Hiyo inatosha kwa hesabu. Arobaini na tano ni arobaini na tano.

"Mama," akasema, "kuanzia mwanzo. Usinichagulie."

Sina karatasi nyingine. Zile sita za somo zimejaa pande zote, nimezitazama. Ni daftari hili. Nitaandika hapa, ukurasa huu huu, chini ya haya yote, na picha itachukua kitakachoonekana.

Chaji asilimia kumi na moja. Kule ndani wamefika Sala ya Bwana.

Naandika wazi, herufi kubwa kidogo.

Kilosa, kipimo cha mto. Mimi Devota Anselmi, mpimaji, naandika haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu. Tarehe 7 Januari nilikuwa mgonjwa wa goti, sikwenda mtoni, namba niliitunga. Tarehe 8 hivyo hivyo.

Tarehe 9 sikuwa mgonjwa.